Upande wa Kushoto wa Deki ya Sefu

Mwambie Sefu wa Msambweni kuwa siku hizi muziki umo kwenye simu, atakutazama kama uliyemtukania mama. Simu, husema, hukamua sauti mpaka ikatoka kavu. Yeye ana deki. Si redio ya kubeba begani, la. Deki ya kaseti hasa, ile bapa, nzito, yenye sindano ya kupimia sauti. Aliinunua ujanani, hoteli moja ya Diani alikokuwa fundi wa umeme ilipokuwa ikiuza vyombo vya disko yake. Amerekodi nayo kila kitu: maulidi, mvua juu ya makuti, hata mbuzi wa jirani akizaa. Kanda zimejaa makasha ya bati chini ya kitanda, na ole wako uziguse.

Kasoro ilikuwa moja. Kanda ikicheza, spika ya kushoto haikutoa hata mkwaruzo tangu siku ya kwanza. Sefu akaamini upande ule umekufa kabisa, haurekodi wala hausemi, na kuifungua hakuthubutu. Maikrofoni ya pili aliendelea kuichomeka vivyo hivyo, kwa urembo, watu wamwone mtaalamu.

Sasa, mtu huyu aliozwa na kanda, na usicheke. Aliirekodi kijijini Waa, kwenye harusi ya binamu yake. Usiku ule ilikuwa ngoma ya vugo, akina mama peke yao chumbani wakigonga pembe na kuimba, na mwanamume hana ruhusa hata ya kuchungulia. Sefu akapitisha maikrofoni zake dirishani, moja kona hii, moja kona ile, mwenyewe akakaa nje na deki mapajani kama aliyepakata mtoto. Sauti moja ikawa inaongoza wenzake. Loh, ikamwingia mpaka mifupani! Kisha kuelekea mwisho, sauti ile ikamgeukia yeye:

"Wa dirishani, wa dirishani, masikio umeyaleta, miguu umeiacha wapi?"

Ndani wakavunjika mbavu. Nje Sefu akaikumbatia deki. Kulipokucha akamuuliza shangazi yake ni nani aliyemtania vile, na shangazi akamjibu bila kusita kuwa ni Mwanaima. Basi miguu ikapatikana. Posa ikapelekwa, ikapokelewa.

Mwanaima alikuwa mke wa kumshukuru Mungu, ila jambo moja: hakuimba. Akiombwa hucheka, akageuza uso, akaendelea kukuna nazi. Lakini kuzungumza! Alizungumza tangu alfajiri, na kuku, na sufuria, na mumewe. Sefu akirudi kazini jioni huweka kanda yake ile, na mkewe huwa bado yuko katikati ya habari fulani ya sokoni.

"Nyamaza kidogo, Mama Husna," humwambia. "Nataka kukusikia."

Naye alikuwa akinyamaza.

Mwaka jana Mwanaima akafariki. Deki ilikuwa imemtangulia, mikanda yake ya mpira imeyeyuka ndani ikawa lami tupu. Husna, binti yao, hakuwa na rekodi hata moja ya mamake, maana mama yule akielekezewa simu au maikrofoni hujifunika leso uso mzima, asiseme neno. Haukupita muda Sefu akagundua jambo lililomtia hofu kweli kweli: sauti ya mkewe ilikuwa inamtoka kichwani. Aliyoyasema aliyakumbuka, yalivyosikika, hapana. Ikawa imebaki kanda ile tu, na mashine ya kuichezea ni maiti.

Akaibeba mpaka Ukunda, kwa fundi mmoja wa redio aitwaye Muema, Mkamba mpole asiyependa maneno mengi. Muema akatia mikanda mipya, akasafisha, kisha akaonyesha ndani kwa bisibisi.

"Mzee, hii upande haikuwa imekufa," akasema. "Ilikuwa inarekodi tu vizuri. Ni waya ya kucheza ndiyo ilikatika. Nimeirudisha."

Sefu hakumsikiliza sawasawa, alikuwa na haraka ya kufika nyumbani. Akaweka kanda, akamwita Husna, wakakaa. Spika ya kulia ikaimba, sauti ile ile tamu. Na spika ya kushoto, ambayo hakuwahi kuisikia hata ikikohoa, ikaanza kunong'ona. Mwanamke mwingine, karibu kabisa na maikrofoni, sauti ya chini, yenye mikwaruzo. Alinong'ona mstari, na mara tu akimaliza, wa kulia akauimba.

Sefu akasimamisha. Akabadilisha nyaya, minong'ono ikahamia kulia, uimbaji ukaja kushoto. Akazirudisha. Akamshuku Muema, akaishuku kanda, akasoma na Ayatul Kursi, hajui ashike lipi aache lipi. Watu wawili? Wametoka wapi wawili?

"Baba," Husna akasema, machozi yanamtoka, "anayenong'ona ndiye Mama."

"Na huyu anayeimba?"

Husna hakujua.

Kesho yake Sefu akaenda Waa kwa Biasha, binamu wa marehemu, mtu wa pekee aliyebaki katika waliokuwa chumbani mle. Biasha alianza kwa kucheka, kisha akaupangusa uso kwa ncha ya leso. Akamweleza kuwa kwenye vugo mwenye kutunga huketi ubavuni mwa mwenye koo la kuimba, akamtilia maneno sikioni mstari kwa mstari. Mwanaima alikuwa hawezi kuimba hata kidogo, lakini maneno yote yalikuwa yake. Kila mwanamke alilijua hilo. Nani angejisumbua kumweleza mwanamume? Ila posa ilipokuja, na Sefu akawa anaisifu sauti kila anapoketi, Mwanaima aliwashika miguu wote wasiseme. Alichelea kuachwa. Biasha naye, mwenye koo wa usiku ule, hakuimba tena mahali ambapo Sefu angemsikia.

Masikini Sefu! Miaka yote ile, kumbe.

"Kwa hiyo mimi nilimpenda nani, Biasha?"

"Mimi nilikuwa koo tu, shemeji," Biasha akasema. "Aliyekuita ni yeye."

Alirudi Msambweni bado hajielewi, mara anamwonea haya Biasha, mara anamkasirikia marehemu, mara anajikasirikia nafsi yake. Akaisogeza kanda mpaka karibu na mwisho, akachomoa waya wa spika ya kulia. Ikabaki ya kushoto peke yake.

"Huyo kijana na mashine yake bado yuko dirishani?" Mwanaima alikuwa akimnong'oneza Biasha, kicheko kimembana. "Haya, mwambie hivi: masikio umeyaleta, miguu umeiacha wapi?"

Sefu akaijua papo hapo. Ilikuwa sauti ile ile ya jikoni, ya kuku na sufuria na habari za sokoni, aliyokuwa akiinyamazisha kila jioni ili apate kumsikia mkewe.