Mtu wa Leso

Wifi yangu Mapenzi ni fundi cherehani hapa Matsangoni, na kabla sijasema lolote lingine nataka ijulikane kwamba alipotaka kuolewa na kaka yangu nilimpinga. Nilisema anacheka sana. Sasa ni miaka ishirini na mmoja, bado anacheka sana, na mimi ndiye ninayekwenda kukaa kwenye baraza ya duka lake kila nikimaliza kazi zangu, kumtilia vifungo na kumpasha habari za watu. Kaka yangu Mwaringa huwa hayupo. Yeye ni mgema. Alfajiri na jioni yuko juu ya minazi, na saa zinazobaki yuko pale mnazi unaponywewa, akihakikisha, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba wateja hawauharibu.

Mwaka jana, mwezi wa pili, alitujia dukani mwanamke wa buibui na miwani, begi la vitabu begani. Alitusalimu vizuri, akasema anaitwa Hafswa, kwao ni Shella ya Malindi, na anasomesha wauguzi katika chuo kimoja huko Kilifi. Alikuwa ameliona mahali gauni la harusi lililoshonwa na Mapenzi, lile lenye marinda yasiyo na idadi, akauliza mpaka akafika.

"Nataka unishonee mtu," akasema.

"Mtu amevaa nini?" Mapenzi akauliza.

"Hajavaa kitu. Namtaka mtu mwenyewe. Ngozi, misuli, na kila kilichomo ndani, kiwe chatolewa na kurudishwa. Sanamu letu la plastiki limepoteza ini na pafu moja, na wanafunzi wangu sasa wanasoma kwa kubahatisha."

Mimi ningemwonyesha njia ya kurudi alikotoka. Mapenzi alicheka hadi akashika meza, kisha akachukua utepe wa kupimia.

Basi ikawa kila Jumamosi Mwalimu Hafswa anakuja na picha zake, sisi tunasomeshwa bure. Hakuanza na moyo wala tumbo. Alianza na maji. Zaidi ya nusu ya mtu ni maji, alisema, na maji yenyewe yana chumvi. Chumvi ikizidi au ikipungua mno, hata moyo huharibu mwendo wake. Yaliyobaki ukiyachambua mpaka mwisho, utakuta makaa kwa wingi, hewa za aina mbalimbali, chokaa katika mifupa, na chuma kidogo katika damu. Chuma hasa, kile cha msumari.

"Kwa hiyo mtu ni duka la vifaa vya ujenzi," nikasema.

"Ni duka lililopangwa vizuri, Bi Kabibi," akanijibu. "Utaalamu wote umo katika kupanga."

Akatueleza kwamba vitu hivyo vimejengwa kuwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila seli ina ngozi yake inayochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Mapenzi akauliza seli ziko ngapi kwa mtu mmoja. Alipotajiwa idadi akasema hizo hashoni.

Vingine vyote alishona. Alifanya mapafu kwa leso mbili kuukuu, akayajaza sufi ili yawe mepesi ukiyabonyeza. Moyo aliushona kwa kitambaa kinene cha suruali za shule, vyumba vinne ndani, na milango yake ya vitambaa inafunguka upande mmoja tu. Utumbo mwembamba aliupima mita sita, akaukunja na kuukunja, nami nikapewa kazi ya kuugeuza nje ndani kwa kijiti, kazi ambayo simwombei adui yangu. Wateja walikuja kuchukua sare za watoto wakakuta kibofu mezani, wakarudi nyuma. Mama mmoja alikwenda kusema tumeanza uchawi. Nilimfuata nyumbani kwake nikamweleza, kwa sauti ya kutosha majirani, kwamba uchawi hauhitaji zipu.

Siku moja nilimwona Mapenzi amelitia ini upande wa kulia, nikaona nafasi yangu imefika.

"Wifi, umekosea. Kwenye picha ini liko kushoto."

"Wewe ukivaa shati," akaniuliza huku anakata uzi kwa meno, "mkono wa kulia ni wako au ni wa fundi anayekutazama?"

Nikarudi kwenye vifungo vyangu.

Ikafika zamu ya mishipa. Mapenzi akamuuliza Mwalimu anunue uzi wa rangi gani.

"Mshipa upi?"

"Kwani iko mingapi?"

Hafswa akavua miwani akaipangusa. Neno hilo, alisema, limemtaabisha tangu siku ya kwanza aliposimama mbele ya wanafunzi. Damu inayotoka moyoni inapita kwenye mshipa. Huo utiwe uzi mwekundu. Inayorudi nayo inapita kwenye mshipa, utiwe wa buluu. Habari zinazotoka kwenye ubongo watu wanasema zinapita kwenye mshipa, lakini huo hauna damu, ni neva, utiwe wa manjano. Na kile kinachovutika nyuma ya goti ukikunja mguu, hicho pia tunakiita mshipa, kumbe ni kano, inayoushika msuli kwenye mfupa.

"Na mshipa wa wanaume?" Mapenzi akauliza bila kuinua macho.

Nilijua anauliza kwa ajili ya nani. Haya si maneno ya dada kuyatamka, lakini kikoi hakifichi kila kitu, na huo ulikuwa mwaka wa pili kaka yangu anashuka mnazini ameshika kinena.

"Huo si mshipa kamwe," akasema Hafswa. "Huo ni ngiri. Ukuta wa tumbo, kwa ndani, una bitana kama koti. Hapa kinenani mwanamume ana mahali pembamba. Akipanda, akinyanyua, akikohoa miaka, pale hufunguka tundu na utumbo ukachungulia nje. Daktari hakati mshipa wowote. Anapasua ngozi apate njia, anarudisha utumbo ndani, tundu linashonwa."

"Linashonwa," Mapenzi akarudia.

"Linashonwa. Ila siku utumbo ukitoka ukakataa kurudi, hapo pasiwe na kungoja. Tundu huubana, damu haipiti, na baada ya saa chache huanza kufa humo humo, mwenyewe angali hai."

Jioni ile ile Mapenzi alimweleza mumewe, nami nilikuwepo. Mwaringa alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akakataa. Akatwe mshipa? Hata mtoto mdogo anajua mshipa ukikatwa mtu hutoka damu mpaka akauke. Na baba je, tumemsahau?

Baba yetu, mzee Kalume, naye alikuwa na mshipa. Alipelekwa hospitali Jumatano asubuhi, akapasuliwa, na magharibi akafa. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukisimulia kwa miaka kumi na minne: kiliingia kisu, ikatoka roho. Mimi mwenyewe nimeyasema hayo kwenye matanga ya watu wengine, bila kuulizwa. Jioni ile nikamuunga mkono kaka yangu, na naona haya kuyaandika haya. Nilimwambia Mapenzi aache kumtia mumewe kisu kwa sababu amejifunza kushona figo.

Mapenzi alikwenda kufunika cherehani, na hakucheka usiku huo wala siku iliyofuata.

Mtu wa leso alikamilika mwezi wa nane. Alikuwa na ngozi ya kahawia inayofunguka kwa zipu kutoka shingoni mpaka chini, na ndani yake rangi zote za sokoni. Mwalimu Hafswa alikuwa aje kumchukua kesho yake.

Adhuhuri ya siku hiyo Mwaringa aliingia dukani ameinama, kikoi kimelowa jasho. Akatapika mlangoni. Kisha akakaa kwenye sakafu, akasema, "Umekataa kurudi."

"Tangu saa ngapi?" Mapenzi akauliza.

"Alfajiri."

Mimi niliruka mbio jikoni nikaweka chumvi motoni nimkande, kama tulivyomkanda baba. Niliporudi nilimkuta Mapenzi amemlaza yule mtu wa leso mezani na wembe mkononi. Akafungua zipu. Miezi sita ya kazi, na macho yangu yalikuwa yamepoteza nuru kwa ule utumbo. Akapasua bitana kinenani, tundu la kupita vidole viwili, akavuta kipande cha utumbo mpaka kikatokeza nje, akakifunga kwa uzi.

"Baba Purity," akasema, "simama uangalie."

Aliinuka kwa kushika meza.

"Huu ndio wako. Uzi huu mwekundu ndio unaoulisha utumbo. Umeona nilipoufunga? Hapa damu imekwama. Huku mbele hakipiti kitu."

Mwaringa akatazama. "Na mshipa uko wapi?"

"Hakuna mshipa."

"Vipi hakuna?"

"Tafuta mwenyewe."

Akaingiza kidole chake kinene, akapapasa pembeni mwa tundu, akaufuata uzi mwekundu, akaufuata wa buluu. Zote zilikuwa nzima. Alipapasa tena, polepole, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kitambaa cha chumvi ya moto kinaniunguza mikono.

"Ni tundu tu," akasema.

"Ni tundu tu. Na daktari atafanya hivi." Akakata uzi aliofunga, akasukuma utumbo ndani kwa kidole gumba, akachukua sindano akapiga mishono mitatu, haraka, kama anavyotengeneza mfuko wa suruali.

"Basi?"

"Basi."

Mwaringa akafumba macho. "Iteni gari," akasema.

Jirani yetu Mramba ana gari la kubebea madafu. Tulimlaza Mwaringa nyuma juu ya magunia, Mapenzi amemshika miguu, mimi kichwa, na kila tuta la barabara ya Kilifi lilipata tusi lake. Kule hospitali alitujia daktari msichana mdogo hivi, nikamuuliza mkubwa wake yuko wapi, akasema mkubwa ni yeye. Alimweleza Mwaringa atakachofanya, akampa karatasi atie sahihi.

"Utanishona kwa uzi gani?" kaka yangu akamuuliza.

"Wa nailoni, mzee."

Mwaringa akamgeukia mkewe. Mapenzi akaitikia kwa kichwa kwamba unafaa. Ndipo akatia sahihi.

Tuliketi kwenye benchi. Niliogopa, sitaki kusema uongo. Niliogopa nikatafuta maneno ya kuomba nikayakosa, na Mapenzi kando yangu alikuwa anapindapinda pindo la leso yake, analipinda na kulikunjua. Jua lilikuwa halijatua daktari alipotoka.

"Ni mzima," akasema. "Utumbo ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Tumelegeza tundu, tukaufunika kitambaa cha maji ya uvuguvugu, tukangoja. Rangi imerudi, hatukukata hata kipande. Lakini mngemkalisha nyumbani mpaka kesho tungekata kirefu. Na mtu akikaa siku mbili au tatu, sumu inakuwa imekwisha kuenea kwenye damu. Hapo hata ukimpasua, aghalabu humpati."

Mapenzi alitereza kutoka kwenye benchi akakaa chini, akalia kwa sauti, yule mwanamke niliyemkataa kwa sababu ya kucheka. Nami nilikaa chini kando yake.

Asubuhi yake Mwalimu Hafswa, tuliyempigia simu usiku, alikuja wodini na chupa ya uji. Mapenzi alikuwa amejiandaa kuomba radhi.

"Mwalimu, mtu wako nimemchana."

"Wapi?"

"Kinenani. Nitamshona usione hata alama."

Hafswa akamtazama mgonjwa, akamtazama fundi, akaelewa. "Hasha, usimshone," akasema. "Nitilie kifungo na tundu lake. Hicho ndicho kilichokuwa kimenipungukia miaka yote."

Akamshika Mapenzi mkono wakatoka kwenda kutafuta chai, nawasikia wanabishana kifungo kiwe cha ukubwa gani. Tukabaki mimi na kaka yangu. Alikuwa amelala chali, mkono mmoja juu ya bandeji, akitazama dari.

"Kabibi."

"Naam, kaka."

"Baba alianza kuumwa siku gani?"

Nilikuwa nimeijua siku hiyo miaka yote kumi na minne, wala sikuwahi kuitaja kwa mtu. "Jumapili," nikasema. "Baada ya ibada."

"Na tulimpeleka Jumatano."

"Jumatano."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikohoa, akageuka ukutani.

"Basi si kisu," akasema Mwaringa.

"Si kisu, kaka," nikamwambia. "Ni sisi."