Mstari wa Saa Nne na Robo

Wanafunzi wa uuguzi humwita Mama Gusa, na wanadhani hajui. Anajua. Anajua pia kwamba humwiga bwenini, mkono mmoja kwenye paji la uso, mwingine shavuni, wakicheka mpaka mbavu ziwaume. Waache wacheke. Yeye alikuwa na miaka ishirini siku alipoingia leba kwa mara ya kwanza, na hakuwa na cha kucheka.

Waliomtangulia chuoni walikuwa wamempa mawaidha ya bure: vaa viatu vya zamani, kula kabla ya zamu, na ukiona kizunguzungu egemea ukuta, usimwegemee mzazi. Hakuna aliyemwambia ataogopa namna ile. Aliogopa kelele za wanawake, na kimya chao alikiogopa zaidi. Aliogopa hata mikono yake mwenyewe, iliyotoka jasho mpaka vidole vikateleza ndani ya glovu. Wiki nzima alijificha kwenye kazi zisizo na mtu: kupanga pamba, kukunja mashuka, kuosha mabeseni yaliyokwisha kuoshwa.

Mkunga mkuu, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alikuwa akimtazama tu.

"Mficha uchi hazai, binti," alimwambia asubuhi moja, "na mficha mikono hazalishi. Njoo huku."

Akampeleka kwa mama aliyetoka kujifungua mtoto wake wa nne. "Kila robo saa, bonyeza hapa kwenye kitovu. Tumbo likiwa gumu kama paji la uso, mshukuru Mungu. Likiwa laini kama shavu, niite, maana anavuja. Halafu pitisha mkono chini ya kiuno. Damu hujificha mgongoni, shuka la juu likabaki jeupe. Gusa kwanza, ndipo uandike kwenye chati. Umenisikia?"

Saa nne kamili aligusa. Paji la uso. Lakini mama aliguna, "Taratibu, mwanangu!" na mwanafunzi akaruka kama aliyeshika sufuria ya moto.

Saa nne na robo ilipofika, mama alikuwa amefumba macho, mtoto kifuani, shuka jeupe pe. Mwanafunzi alisimama kando ya kitanda, mkono ameuinua nusu. Atamwumiza tena. Atamwamsha bure. Si anaonekana mzima? Akachukua kalamu, akanakili mstari wa juu: tumbo gumu, damu kidogo. Wote hufanya hivi, alijiambia, na kweli wengi hufanya, ndiyo maana Mama Gusa hana usingizi mzuri mpaka leo.

Dakika kumi hazijatimia, mama akafumbua macho.

"Mwanangu, fungeni dirisha. Nasikia baridi."

Dirisha lilikuwa limefungwa, na nje jua linachoma. Mwanafunzi akapitisha mkono chini ya kiuno. Ulitoka mwekundu mpaka kwenye kiwiko. Akagusa tumbo. Shavu. Alifungua mdomo mara mbili bila sauti, ya tatu ikatoka.

"Sista! Damu!"

Mkunga mkuu alifika mbio. "Sugua tumbo! Usiache!"

Safari hii mama alipiga kelele na mwanafunzi hakuondoa mkono. Alisugua huku akilia naye, sindano ikichomwa pajani, dripu ikifunguliwa, mtoto akiondolewa kifuani. Midomo ya mama ilikuwa imepauka. "Wanangu," alisema, kisha hakusema tena. Mwanafunzi aliomba Mungu kwa maneno asiyoyajua, akasugua mpaka bega likafa ganzi, mpaka chini ya kiganja chake, polepole, tumbo likaanza kukaza.

Alasiri haijafika mama alikuwa anakunywa maji kwa kijiko. "Huyu binti kaniokoa," alimnong'oneza mkunga mkuu. "Hakuniachia." Akaushika mkono wa mwanafunzi, akaubusu.

Afadhali angempiga kofi.

Mkunga mkuu alimwita mezani. Alikuwa amefungua kitabu cha mazoezi ya wodini cha mwanafunzi, kile ambacho bila sahihi yake mtu hafaulu, na kalamu ilikuwa tayari mkononi. Lakini macho yake yalikuwa kwenye chati.

"Saa nne na robo ulilikuta gumu?"

Angeweza kusema ndiyo. Mama alikuwa amelala wakati ule, hakuna mwingine aliyeona, na chati tayari ilikuwa inasema ndiyo.

"Sikugusa, Sista."

Mkunga mkuu akafunika kalamu.

"Ukate mstari wa saa nne na robo kwa kistari kimoja tu, uzidi kusomeka. Andika ukweli pembeni." Akakifunga kitabu bila kutia sahihi. "Sasa nenda kamwambie mwenyewe."

Hatua kutoka mezani mpaka kitandani zilikuwa kumi na moja, anazikumbuka zote. Alimwambia bila kuficha neno. Mama alimshika tena mkono, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauachia, akaweka mkono wake juu ya kichwa cha mtoto. Alitazama saa ya ukutani.

"Robo saa imefika," alisema. Safari hii hakusema mwanangu. "Gusa."

Akagusa.