Hatua Kumi na Nane Nyuma ya Nyumba ya Dobi

Wateja wake walimwita Mama Pazia, kwa kuwa miaka ishirini na sita alishona mapazia na hakushona kitu kingine. Ukimletea gauni alikurudishia huku akicheka: "Hili lina mikono, mama. Mimi navalisha madirisha." Maneno yalikuwa hayamwishi. Mama yake mzazi, aliyekaa naye tangu afiwe na mume, alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa: kimya kama maji ya mtungini.

Ujanani bi mkubwa huyo alikuwa dobi katika jumba la tajiri mmoja, pembezoni mwa mji. Tajiri alipofariki, watoto wake waliliacha mikononi mwa halmashauri, na eneo zima, pamoja na bwawa na njia zake za miti, likawa bustani ya umma. Wanafunzi walipelekwa huko kujifunza historia, maharusi walikwenda kupiga picha. Bi mkubwa hakukanyaga tena huko. Akibembelezwa, jibu lilikuwa lile lile: "Nimefua huko miaka tisa. Mnataka nikaangalie nini, povu?" Watu walicheka, habari ikaishia hapo.

Kwa hiyo Mama Pazia alishtuka Jumamosi moja asubuhi alipomkuta mama yake amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu vya kutokea, mkoba mapajani.

"Nipeleke bustanini."

"Bustani gani, mama?"

"Unaijua. Na njiani usinichoshe na maswali."

Alikuwa na miaka themanini na moja, na wiki hiyo daktari alikuwa ameusikiliza moyo wake kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mama Pazia alifunga duka, akaita teksi.

Mwongozaji wa wageni alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kofia pana na sauti ya kufika mbali. Alimwamkia bi mkubwa kwa heshima, akawaunganisha na wageni wengine kama kumi. Walionyeshwa ukumbi wa kulia, ngazi za mbao na saa kubwa iliyosimama. Mwishowe wakaingizwa nyumba ya dobi, uani. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa mpya, na mashuka mawili meupe yalikuwa yametundikwa kwenye kamba ili wageni wapige picha.

"Hapa wafanyakazi walifua tangu alfajiri," mwongozaji alisema, "huku wakiimba kwa furaha."

Bi mkubwa alikuwa ametia mkono ndani ya karo la zege, anapapasa ukingo wake.

"Tulikuwa hatuimbi," alisema. "Tulikuwa tunakohoa. Magadi yalituingia kifuani."

Mwongozaji alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua afanyeje, akawageuza wageni kuelekea dirishani. Nje, chini ya mivinje, yalionekana mawe matatu madogo yaliyochongwa majina. Akaeleza kwamba ni makaburi ya mbwa wa tajiri. "Aliwapenda kama watoto wake."

"Mbwa watatu?" aliuliza bi mkubwa.

"Watatu, bibi."

Bi mkubwa alitoka kwa mlango wa nyuma, na bintiye akamfuata mbio.

Nje, mzee yule alisimama kwenye pembe ya ukuta, akauegemeza mgongo, kisha akaanza kutembea akihesabu kwa midomo bila sauti. Hatua kumi na nane. Zilimfikisha katikati ya maegesho ya magari, kati ya gari jeupe na pikapu. Akajishusha taratibu, akakaa juu ya vitofali vya zege.

"Mama, utaumia! Inuka."

"Ni hapa."

"Hapa kuna nini?"

"Dada yako."

Mama Pazia alikuwa na miaka hamsini na minne, na maisha yake yote alijijua kuwa kifungua mimba. Kwa cheo hicho aliwaamuru wadogo zake, kwa cheo hicho alimzika baba. Sasa alisimama kinywa wazi huku mama yake akisimulia, macho yakiwa chini, kwa sauti ya mtu anayeagiza sabuni. Mtoto aliishi siku sita. Baba alikuwa mbali kikazi. Jumba lilikuwa na wageni, na msimamizi wa jumba akasema pasiwe na kilio. Mtunza bustani alichimba, mpishi akaomba dua, watu watatu tu.

"Alasiri nikarudi kupiga pasi mashuka ya wageni. Maziwa yananitoka, yanalowesha nguo."

"Baba alijua?"

"Alijua. Akasema tusikutie huzuni za watu wazima. Baadaye ukawa mtu mzima, na mimi nikawa sijui pa kuanzia."

Honi ikalia nyuma yao. Dereva alichungulia dirishani. "Mama, hapa si mahali pa kupumzikia! Nataka kuegesha."

Mama Pazia akasimama mbele ya gari, ameukumbatia mkoba wake.

"Zima gari," alisema. Kitu katika sauti yake kilimfanya dereva azime.

Dereva alimwita msimamizi wa bustani, naye alipoelezwa habari ya kaburi akaleta ramani yake. Akaikunjua juu ya boneti, akapitisha kidole. "Makaburi tuliyonayo kwenye kumbukumbu ni ya familia, na ya..." Kidole kikasimama penye makaburi ya mbwa. Aibu ikamjaa usoni.

"Basi andika na hili," alisema bi mkubwa.

Akauliza jina. Bi mkubwa akalitaja, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Mama Pazia kulisikia. Msimamizi akaandika kwa penseli.

"Kwa wino," bi mkubwa akamwambia.

Akatafuta kalamu.

Wiki ile Mama Pazia aliwapigia simu wadogo zake. Mmoja alilia. Mwingine alikasirika, akataka kujua mama anaficha nini kingine, na kwa siku kadhaa hakupokea simu. Mama Pazia naye alikuwa na hasira, ila hakujua aielekeze wapi. Alimpikia mama, akamwogesha, akazungumza naye habari za hali ya hewa. Alikata pazia la mteja likapungua kiganja kizima.

Halmashauri ilizungushia mnyororo sehemu ile moja. Mara mbili Mama Pazia alikwenda akakuta mnyororo umelala chini na gari limeegeshwa juu yake. Mara ya tatu aliingia ofisini, akakataa kiti, akasimama hadi fundi alipoitwa ang'oe vitofali. Wakapanda nyasi. Kuhusu jiwe la kaburi walisema kamati bado inakaa.

Alipomweleza mama yake, bi mkubwa alikuwa amelala ubavu, uso ukutani.

"Zimeshika, hizo nyasi?"

"Bado, mama. Zina manjano."

"Nenda ukazimwagilie," alisema. "Mimi siwezi tena kufika."