Gauni la Mteja Kwenye Benchi la Msaada wa Kisheria

Nikimwona mtu aliyekuwepo ofisini siku ile, hadi leo navuka barabara, kwa hiyo acha niliseme mwenyewe kabla hamjalisikia sokoni Mwanga likiwa limetiwa chumvi.

Baba alipofariki, baba mdogo alitaka kuiuza nyumba yetu ya Ujiji, akampeleka mama baraza la ardhi, na kesi ilikuwa isikilizwe Alhamisi. Mama anauza dagaa Katonga, wakili hawezi kumlipa, lakini nilikuwa nimesoma kwenye simu (mimi kila kitu nimejifundisha kwenye simu, hata cherehani) kwamba ipo ofisi inayompa mtu wakili kwa gharama ya serikali. Nilisoma yote, ila nilipofika kwenye nani anastahili, neno "asiyejiweza" likanichoma nikalipita haraka, nikajiambia ofisini mtu huenda amependeza, asije akadharauliwa, wakili akapewa mtu mwingine.

Basi nikachukua gauni la kitenge la mteja wangu, ambalo nilikuwa nimemaliza kulishona tangu wiki iliyopita, nikamvisha mama, nikalibana kiunoni kwa pini, nikamfundisha na maneno: akiulizwa, yeye ni mfanyabiashara.

Alisema hivyo hivyo. Dada wa mezani akamtazama kuanzia kilemba hadi viatu, akaeleza kwa upole kwamba msaada ule ni wa wasioweza kumlipa wakili, wenye biashara zao hujitafutia. Nikaingiwa na hofu, nikasema kwa sauti, benchi zima likisikia, kwamba mama ni maskini, hana kitu, hata hilo gauni si lake.

"Si lake kweli," mtu akasema nyuma yangu. "Ni langu."

Alikuwa Mama Zawadi, mteja mwenyewe, amekuja kwa mambo yake ya mirathi. "Fundi, jana si uliniambia bado vifungo?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mimi (Mungu anisamehe) badala ya kumtetea mama nikaanza kueleza habari za vifungo.

Dada wa mezani hakucheka. "Mara mfanyabiashara, mara hana kitu," akasema. "Mdogo wangu, nishike lipi?" Akatutuma kwa mwenyekiti wa mtaa, athibitishe hali ya mama, ndipo turudi.

Mama akaniambia kwa Kiha, polepole, kwamba anataka kulivua. Alilivulia chooni, akatoka amejifunga kanga aliyoazimwa na Mama Zawadi, akapita mbele ya benchi lile lile, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti alikuwa amesafiri, na aliporudi Alhamisi ilishapita. Mama alisimama barazani peke yake, baba mdogo akiwa na wakili wake, na alipoulizwa kama ana la kusema, alinigeukia mimi kwanza, anasubiri nimpe maneno.

Nyumba imekwenda, sasa tumepanga chumba Mwanga. Nimeapa sitamvalisha tena mtu mwingine aibu yangu, ila kiapo chenyewe kimechelewa, kwa sababu mama, ambaye hajanilaumu hata mara moja, siku hizi akitaka kwenda hata zahanati husimama kwanza mlangoni.

"Mwanangu, nivae nini?"

Nami nainama kwenye cherehani kama sijasikia.