Kahawa Isiyo na Msiba

Usiku ule nililala nimeshaamua: kukicha, mashine ya kukaangia kahawa inarudi kwenye boksi lake, na boksi linarudi kwa aliyeniuzia, apende asipende. Nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia mdogo wangu Salimu, nikawakasirikia majirani, nikajikasirikia mwenyewe, na chini ya hasira zote hizo ilikuwepo hofu, maana Mama alikuwa chumba cha pili, amelala bila kutia kitu mdomoni kwa sababu yangu.

Niseme kwanza kilichotokea mchana, la sivyo ndoto yenyewe haitaeleweka. Tunakaa Ngamiani, Tanga, katika nyumba aliyotuachia Bibi, mzaa mama. Bibi ndiye aliyekuwa mkaanga kahawa wa mtaa. Siku za kawaida watu walinunua kikombe kwa muuza kahawa anayepita, lakini palipotokea msiba buni zililetwa kwetu, na Bibi akazikaanga uani katika kaango lake la chuma, kahawa ya kunywewa matangani. Kwa hiyo harufu ya kahawa inayokaangwa ikitoka nyumbani kwetu, mtaa mzima ulijua kuna mtu katangulia. Bibi amefariki miaka mingi sasa, kaango sijui liliishia wapi, nami nikadhani na hilo watu wamelisahau.

Mashine nilihangaika nayo kichwani miezi kadhaa kabla ya kuinunua. Naipenda kahawa, binamu yangu hunishushia buni mbichi kutoka Lushoto, na nilikuwa nimechoka kununua unga uliokaa dukani mpaka hauna hata harufu. Muuzaji alikuwa na mashine za aina mbili. Ya kwanza inapuliza hewa ya moto, ndogo, ya haraka, lakini inapiga kelele mpaka usisikie buni zinavyopasuka. Ya pili ina pipa dogo linalozunguka juu ya moto wa umeme, polepole, na kidirisha cha kuchungulia rangi. Kila nilipoamua moja, nikalala nikaamka nimeamua nyingine. Mwishowe nikachukua ya pipa, kwa sababu mimi mtu wa kusikiliza.

Salimu alikuja kunisaidia kuifunga. Tukaitafutia soketi yake peke yake, kwani ikichangia na friji umeme unakatika, tukaiweka mezani karibu na dirisha, tukatoa bomba la moshi nje. "Dada, bomba tulielekeze kichochoroni," akasema, "uani kuna nguo umeanika." Nikaona ana akili. Nikamimina buni, nikawasha. Ziligeuka manjano, zikageuka hudhurungi, kisha zikaanza kupasuka kama bisi, nami nikacheka peke yangu kwa furaha.

Sijamaliza hata kuzimwaga zipoe, nikasikia hodi. Mama Abdi, jirani yetu wa mkono wa kulia, na wanawake wawili nyuma yake, mabuibui mwilini, mmoja kabeba pakiti ya sukari ya kuleta msibani.

"Poleni jamani," Mama Abdi akasema, machozi yameshamlengalenga. "Tangu saa ngapi? Mbona hatukuambiwa?"

"Hamkuambiwa nini?"

"Habari ya mama yako, Rehema."

Mama hawezi kutoka kitandani bila kushikwa tangu apate kiharusi, lakini masikio yake ni mazima, na mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Wageni walipotambua kosa lao waliomba radhi wakaondoka mbiombio. Nikaingia kwake. Alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza.

"Mwanangu," akasema polepole, "mmeshaanza kunikaangia?"

Jioni akakataa uji, akageuza uso ukutani. Nami nikaenda kulala na uamuzi wangu.

Katika ndoto nilikuwa uani. Jua lilikuwa linawaka lakini halikuwa na joto. Nilikuwa nimeibeba mashine mikononi, nzito kuliko ilivyo kweli, waya unaburuzika nyuma yangu, na nilikuwa natafuta soketi. Nikapapasa ukuta wa jikoni, hakuna. Nikapapasa ukuta wa chumbani kwangu, umepakwa chokaa upya, laini, hauna hata tundu. Nikageuka, na Bibi yuko mlangoni.

Sikushangaa kumwona. Kajifunga kanga kiunoni kama alivyofanya akiwa na kazi, na mikono yake ina masizi. "Shikamoo Bibi," namwambia, naye haitikii. Anaizunguka mashine ingawa nimeibeba, anachungulia kwenye kidirisha, anatia kidole ndani ya bomba, anakinusa.

"Hii umemwekea nani?" anauliza.

Nataka kumwambia ni yangu, nimejichagulia mwenyewe, lakini hangoji jibu. Bibi anaondoka, nami namfuata.

Hatukupita mlango wowote. Tulikuwa uani, na sasa tuko kwenye nyumba ya msiba. Najua ni msiba kwa mikeka na kwa viatu vilivyojaa kizingitini. Wanaume wameketi wametugeuzia mgongo, kila mmoja kanyoosha mkono wenye kikombe kitupu. Bibi anawamiminia. Dele lake la kahawa haliishi. Mkeka mmoja ukimalizika tuko nyumba nyingine, halafu nyingine, zote za mtaani kwetu, zote nazijua, na mimi bado nimebeba mashine, mabega yananiuma, natafuta pa kuitua. Naiweka dirishani, dirisha linajifunga. Naiweka chini, naikuta tena mikononi. Mwisho naona kitanda, naitua hapo kwa nguvu, na ninapotazama vizuri naona ni kitanda cha Mama. Shuka limekunjwa. Mama hayupo.

Nilipiga kelele. Najua nilipiga, koo liliniuma, lakini hakuna aliyegeuka.

Kisha wanaume wote wameondoka. Umebaki mkeka mmoja, na Bibi ameuketia peke yake, miguu kainyoosha. Ananyoosha mkono kwangu, kiganja juu.

"Changu kiko wapi?"

Hapo ndipo hofu iliponishika hasa. Tangu utotoni nimesikia watu wazima wakisema marehemu akija ndotoni akakupa kitu, ni heri. Akikuomba kitu, usimpe, maana akiondoka nacho kuna mtu atamfuata. Na najua ni nani nyumbani kwetu anayeweza kufuata. Nikaificha mikono nyuma. Mashine haipo tena, mikono ni mitupu.

"Bibi, sina," namwambia. "Sina kikombe."

Ananitazama. Hana hasira. Ana uchovu ambao alipokuwa hai sikuwahi kuuona, au niliuona nikadhani ni uzee. Nikawa nakumbuka, ndani ya ndoto, jinsi mambo yalivyokuwa: wanaume wananywa, wanasifu, wanaomba cha pili, na Bibi yuko uani anasugua kaango kwa mchanga. Sikumbuki hata siku moja niliyomwona na kikombe mkononi. Nikamwonea huruma.

Anaushusha mkono wake taratibu, anauweka mapajani.

"Siku mliyonikaangia mimi," anasema, "pua zangu zilikuwa na pamba."

Nililia. Siku ile naikumbuka. Nilikuwa msichana wa shule, kahawa ilikaangwa na jirani ikaungua, watu wakanywa hivyohivyo huku wakisema Bi Mwanahawa angekuwepo wangekunywa kitu cha maana. Mwenyewe alikuwa ndani, ameshaoshwa, ameshakafiniwa.

Bibi anainuka. Hakuchukua kitu, niliangalia mikono yake yote miwili. Anaukunja mkeka, anauegemeza ukutani, kisha anaelekea chumba cha Mama. Nataka kukimbia nimzuie, miguu haiendi. Nataka kumwambia nitakutafutia kikombe, nitakupa vyote vya kabatini, usiingie humo tu. Anasimama kizingitini. Haingii. Anainamisha kichwa, anasikiliza kama alivyokuwa akizisikiliza buni kaangoni, na nami nasikia anachosikiliza: Mama anapumua.

Bibi ananigeukia.

"Mwanangu huyu pua zake bado ziko wazi," anasema. "Unangoja nini?"

Nikaamka nimekaa kitandani, uso umelowa, mikono nimeificha nyuma vilevile. Adhana ya alfajiri ilikuwa inamalizika. Sikungoja moyo utulie, nilikwenda chumbani kwa Mama pekupeku. Alikuwa macho, anaangalia dari.

"Mama, nimemwota Bibi."

Akanigeuzia uso. "Alitaka nini?"

Ningeweza kumdanganya. Nilifikiria kumdanganya. "Kikombe," nikasema.

Mkono wake mzima ukanishika, na sikujua bado una nguvu kiasi kile. "Ukampa?"

"Sikumpa. Hakuchukua kitu, Mama. Alifika hapo mlangoni akasimama, hakuingia."

Nikamwambia yote, pamoja na maneno ya pamba. Nikamwambia alichosema mwisho kama alivyokisema. Mama alisikiliza macho kayafumba, na machozi yakawa yanamtoka, yanashuka mpaka masikioni, nami nikayafuta kwa kanga. Nikajua nimemwua kwa mdomo wangu. Nikaanza kumwambia kwamba mashine inaondoka leo hiihii, Salimu akija tu anaibeba.

"Hakuwahi kunywa," akasema Mama.

"Nani?"

"Mama yangu. Kila siku alisema, nitaonja nikimaliza kazi. Nitaonja nikimaliza." Akafumbua macho. "Zile za jana umezitupa?"

"Zipo jikoni."

"Zishalala hizo. Kaanga nyingine. Na usinitilie tangawizi, nataka niisikie yenyewe." Kisha akaniambia nimwinue nimwegemeze mito, jambo ambalo tangu jana mchana alikuwa halitaki.

Nilimwinua. Nikapanga mito, nikamfunga mtandio kichwani, nikasimama pale mlangoni, mahali palepale.

"Lakini Mama, harufu itatoka. Watakuja tena."

"Waje," akasema. "Watanikuta nakunywa."