Shemasi wa Mstari wa Nne

Nyuma ya nyumba ya Delphia Rasnick ilisimama miti ya kokwa iitwayo michesnati, mia tatu na kumi na miwili, na kwa mikono yake alikuwa amepanda mia tatu na kumi na mmoja. Ule mmoja uliosalia aliupanda mumewe, Hobart. Alichimba shimo, akatia kokwa, akafukia, akasema mgongo wake umeshafanya kazi ya karne nzima, akarudi barazani kwenye kiti chake na kikombe cha kahawa. Majira ya baridi yaliyofuata akafa, moyo ulisimama. Basi nenda kaseme Mungu hana mzaha: mti wa yule mvivu, namba kumi na saba mstari wa nne, ndio uliokuja kuwa mzuri kuliko yote. Ulinyooka, ukajaa majani, ukasimama kama shemasi anayesubiri sadaka. Delphia akaupa jina hilohilo, Shemasi, na kila asubuhi akitoka kwenye kuku alipita hapo kumpa habari za nyumbani, kana kwamba ndiye Hobart. Bomba limepasuka. Dada yako kapiga simu, bado hajajifunza kunyamaza.

Kule milimani Virginia, mchesnati ni kama marehemu wa ukoo. Babu zake Delphia walizaliwa kwenye nyumba za mbao zake, wakanenepesha nguruwe kwa kokwa zake, wakazikwa kwenye majeneza ya mbao hizohizo. Kisha ukaja ukungu wa kuozesha miti kutoka ng'ambo, ukapenya kwenye magome, na kabla mtoto aliyezaliwa mwaka ule hajafika miaka arobaini, milima yote ilikuwa imesimamisha mizoga mitupu. Ndiyo maana watu wa kujitolea wanapanda tena, safari hii mbegu zilizochanganywa damu na mchesnati binamu wa Kichina anayeuweza ugonjwa huo. Unapanda, unazungushia ua kulungu wasile, unasubiri miaka mitano. Halafu, sikiliza vizuri, unauambukiza kila mti ukungu uleule kwa makusudi ili uone upi utauhimili, na unaougua unaukata. Katika mia tatu itabaki mitatu, minne, ikizidi sana kumi.

Hapo ndipo watu wanapokimbia. Kupanda kila mtu anataka, na picha atapiga. Mwambie aue alichokipanda, utasikia mara kiuno kinamuuma, mara ana harusi ya mpwa wake. Delphia hakuwa wa aina hiyo. Miaka thelathini na minne alipika kwenye jiko la shule ya msingi, hakuogopa sufuria wala mwalimu mkuu.

Mwezi wa Juni wa mwaka wa tano, Tamsin Yost akaja na visahani vyake. Tamsin alikuwa mtaalamu wa chuo kikuu, binti mwembamba mwenye buti zinazomzidi. Ndani ya visahani mlikuwa na jeli, na ndani ya jeli mlikuwa na ukungu. Kazi yenyewe ni rahisi: unatoboa gome kwa keekee ndogo, unakandika kipande cha jeli, unafunga utepe. Garland Sturgill naye alikuja kusaidia. Huyu ni jirani wa ng'ambo ya kijito, mchimba makaa mstaafu, naye ana shamba lake la michesnati mia mbili.

"Bi Delphia, tugawane mistari," Tamsin alisema. "Wewe na Garland mngeanza na wa nne?"

"Wa nne naufanya peke yangu. Sipendi mtu kunipumulia shingoni."

"Mwache," Garland akasema. "Anataka kumfanyia Shemasi maombi."

"Wewe Garland yaombee magoti yako, yanalia kama mlango wa banda."

Akaenda. Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita, kila mmoja ukapata haki yake. Alipofika kumi na saba akatoboa tundu, nadhifu kabisa. Akachukua kipande cha jeli kwa ncha ya kisu. Akakitazama. Akatazama nyuma, Tamsin alikuwa mbali, Garland alikuwa ameinama. Kile kipande kikaingia mfuko wa aproni, utepe ukafungwa juu ya tundu tupu, na Delphia akahamia kumi na nane bila kupepesa macho. Jioni akakitupa kipande kwenye moto wa jiko. Akajiambia ni mti mmoja tu, katika mamia. Mti mmoja utamuumiza nani?

Oktoba Tamsin akarudi na rula kupima vidonda. Mti baada ya mti, gome limepasuka, limevimba, lina rangi ya kutu. Akafika kwa Shemasi akafungua utepe. Tundu limejifunga safi, hakuna hata doa. Binti wa watu akapima mara mbili, akavua kofia, akakaa chini kwenye majani.

"Bi Delphia," akasema. "Miaka yote niliyofanya kazi hii sijaona mti kama huu."

Delphia akasema twende tukanywe kahawa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema habari za mficha afya. Desemba chenso zikaunguruma pale shambani, ikaangushwa miti mia tatu na mmoja, na Delphia mwenyewe aliangusha zaidi ya nusu. Ikasalia kumi na mmoja, Shemasi akiwa wa kwanza kwenye orodha. Tamsin alikuwa anapiga simu kila wiki. Kiangazi wangekusanya chavua ya Shemasi waipeleke kwenye mashamba ya kata saba. Mbegu zake zingepandwa kwa maelfu. Garland alikwisha kuomba mia moja, ameshaanza kusafisha kilima.

Ndipo usingizi ukamtoka mama wa watu. Si kwamba alimwogopa Tamsin. Aliogopa hesabu ya miaka. Garland alikuwa na sabini na nane. Angepanda watoto wa Shemasi, angewafyekea nyasi, angewasubiri miaka mitano, kisha angetoboa magome kwa mikono yake inayotetemeka na kuona kila mti unaoza mbele yake. Na baada ya hapo asingekuwa na miaka mingine mitano. Lakini akisema, Shemasi atatobolewa kwelikweli. Delphia alikuwa ameshaona yanayotokea. Akawa anapita mstari wa nne asubuhi bila kutoa habari yoyote, kama mtu aliyegombana na jirani.

Februari watu wote wa kujitolea walikutana kwenye ukumbi wa kanisa, kama kila mwaka. Wakala maharage na mkate wa mahindi, wakala pai ya tufaha, wakabishana nani ana kulungu wakorofi zaidi. Kisha Tamsin akazima taa na picha ya Shemasi ikatokea ukutani, kubwa kama mlango. Watu wakapiga makofi. Mmoja akampiga Delphia bega kwa furaha.

Delphia akasimama.

"Washa taa, mwanangu. Halafu ukae."

Tamsin akawasha, akakaa.

"Huo mti haukuugua kwa sababu haukuambukizwa. Nilitoboa tundu nikafunga utepe. Ukungu niliuchoma kwenye jiko langu."

Mtu aliyekuwa anatafuna aliacha.

"Kwa nini, Bi Delphia?" Tamsin aliuliza taratibu, na afadhali angefoka.

"Kwa sababu Hobart aliupanda. Ndio mti pekee aliopanda maishani mwake. Nilishindwa. Nimewadanganya nyote na naona haya. Garland, usisafishe tena hicho kilima."

Garland alikuwa anatazama sahani yake. Akakohoa kikohozi cha makaa, kirefu. Akasema, "Shambani kwangu, mstari wa pili, namba tisa."

"Namba tisa imefanya nini?" Tamsin akauliza.

"Haijafanya kitu. Sikuipa ukungu. Na ishirini na moja pia. Ishirini na moja nimemzika mbwa wangu chini yake, sasa mlitaka nifanyeje?"

Kutoka nyuma kabisa, mwimbaji mmoja wa kwaya akainua mkono kama mwanafunzi. "Mimi mmoja tu."

"Mitatu," akasema mwingine karibu na birika la kahawa. "Lakini ni midogo."

Jamani. Ukumbi mzima! Watu wazima, wengine wazee wa kanisa, kila mmoja alikuwa na mti wake aliouficha, na kila mmoja alidhani yuko peke yake. Tamsin aliweka paji la uso mezani kando ya pai, mabega yakawa yanatikisika, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka mpaka alipoinua kichwa. Alikuwa anafanya yote mawili.

"Sawa," akasema, akijifuta. "Kuanzia leo hakuna anayetoboa shamba lake. Miti yote iliyopata alama nzuri inarudiwa, na jirani ndiye atakayetoboa na kupima. Mwenye shamba atashika karatasi, basi."

Juni Garland akavuka kijito na keekee yake. Delphia alibaki jikoni, akafungua redio kwa sauti ya juu, akakanda unga ambao hakuuhitaji. Garland alipomaliza alipita dirishani akainua kofia bila kutia neno, na kwa Garland hiyo ni heshima kubwa.

Oktoba wakashuka shambani wawili, yeye na rula, Delphia na karatasi. Alama ni tatu: moja ni mti mzima, mbili ni wa kungoja uonekane, tatu ni chenso. Wakaanza na mstari wa nne.

Garland akabandua utepe. Delphia hakuhitaji kusogea ili aone. Gome lilikuwa limechanika kwenda juu, rangi ya kutu imetapakaa, na majani ya kilele yalikuwa yameshakauka wakati miti mingine bado ina kijani. Garland aliweka rula, akaitoa, akaiweka tena. Alikaa hapo amechuchumaa muda mrefu kwa mtu mwenye magoti yale.

"Andika mbili," akasema.

"Soma rula, Garland."

"Nimeisoma. Mbili."

"Inchi ngapi?"

"Macho yangu yana mtoto wa jicho, Delphia. Naona mbili. Nani atakuja kupima tena? Mpe mwaka mmoja mwingine, basi."

Alikuwa amemgeuzia mgongo, na masikio yake yalikuwa mekundu. Delphia alimpenda sana wakati ule, mzee yule mkorofi. Akapiga goti kwenye majani, akamnyang'anya rula, akaishika mwenyewe kwenye kidonda. Inchi sita na kitu. Gome lilikuwa na unyevu chini ya kidole chake.

Akaandika tatu. Akaipigia mstari chini, Tamsin asije akaisoma vibaya. Akachukua kopo la rangi nyekundu, akazungusha duara la miti ya kukatwa kwenye shina, polepole, mpaka duara likakutana. Kisha akashika bega la Garland akajiinua.

"Mstari wa tano, thelathini na moja," akasema. "Soma vizuri."