Moshi Ndani ya Chupa ya Maabara

Wakati ule vita ilikuwa imeshuka kutoka Masisi mpaka karibu na Sake, na mama yangu alikuwa anakaa kambini, upande wa Lac Vert, ingawa mimi mwanawe nilikuwa na nyumba ya mbao Ndosho, mjini Goma. Alikataa katakata kuja kwangu. Alisema hawezi kuwaacha majirani waliokimbia naye kutoka kilimani, eti kwa sababu tu yeye amezaa fundi wa maabara. Nilimbembeleza hadi nikachoka. Mama yangu akishika neno, hata mizinga haimtoi.

Kambi ilikuwa na tangi moja kubwa la maji. Siku moja uvumi ukaenea kwamba mtu ameoshea karibu nalo madebe ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, na shirika lililoleta tangi likalifunga mpaka maabara yetu iseme. Watu wakaanza kushuka ziwani na bidoni zao, yale madumu ya plastiki. Mama naye, na magoti yake yale mabovu, alishuka na bidoni ya lita tano na kupanda nayo huku akisimama kila hatua kumi. Niliposikia tangi bado limefungwa, kilichonijia kichwani ni magoti yale.

Maabara yetu ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa na mashine ambayo shefu wetu, mkuu wa maabara, aliisifu kuliko watoto wake. Ndani yake kulikuwa na bomba jembamba kama uzi, refu, limezungushwa mara nyingi. Unatia maji kidogo upande mmoja, na vitu vilivyomo vinaachana njiani, kila kimoja kinatoka kwa saa yake. Hiyo ndiyo kromatografia. Pale mlangoni pa kutokea, mwanga wa leza unakipiga kila kinachotoka na kukitambua. Mimi niliwaeleza watu kwamba ni kama barieri ya wanajeshi kwenye njia ya Sake: wote mnapangwa foleni, na kila mmoja anaonyesha karata yake ya utambulisho. Tofauti ni kwamba leza haiombi pesa ya sigara. Hata chembe ambayo ulimi hauwezi kuijua, yenyewe inaiona.

Kanuni ilikuwa moja: fundi achote maji kwa mkono wake mwenyewe, katika chupa ya kioo iliyooshwa maabara, na ndani pasiguswe. Asubuhi niliyokwenda, mlinzi mwenye ufunguo wa tangi hakuwa amefika, bunduki zilikuwa zinalia nyuma ya vilima, na mwenye pikipiki aliyenileta alisema ananihesabia dakika moja. Basi nikamkabidhi mama chupa. Nikamwambia aijaze mlinzi akifika, na iwe safi kabisa, safi kupita kiasi. Kesho yake niliipitia, na kwenye fomu, mahali pa aliyechota maji, nikatia sahihi yangu. Aibu hiyo ninaibeba mpaka leo.

Mashine ilipoonja maji yale, karatasi ikajaa milima ya wino kutoka mwanzo hadi mwisho, kila mlima kitu kimoja. Dawa ya ng'ombe haikuwemo. Lakini palikuwa na ukoo mzima wa vitu visivyotakiwa kuwa ndani ya maji ya kunywa. Chupa ya kulinganisha, ambayo haikuwahi kutoka nje ya maabara, ilikuwa safi, kwa hiyo mashine haikuwa na kosa. Shefu akafungua vitabu vyake. Akakuta kwamba kimoja kati ya vitu hivyo hutiwa katika dawa ya kikohozi, na kabla ya saa sita alikuwa ameshaamini kuwa mfanyabiashara fulani amemwaga tangini siro ya kikohozi iliyopita tarehe. Mwenzangu wa meza ya pili akasema ni volkano. Hapa Goma kila kisichoeleweka kinatupiwa volkano. Walibishana hadi chai ikapoa, na muda huo wote barua ya kusema tangi libaki limefungwa ilikuwa mezani inangoja muhuri.

Mimi nilichukua chupa, nikafungua kifuniko, nikanusa. Ilikuwa harufu ya jikoni kwetu asubuhi, mama akichoma majani makavu na kukifunika kibuyu cha maziwa juu ya moshi, maziwa yasiharibike upesi na yawe matamu. Kwetu wafugaji, chombo kilichooshwa kwa maji peke yake bado ni kichafu. Nilikuwa nimemwambia iwe safi kupita kiasi, naye akanitii.

Ningeweza kunyamaza. Muhuri ungepigwa, kazi yangu ingebaki, na mama angeendelea kushuka ziwani. Nikasema yote, hadi habari ya sahihi. Shefu, muzee wa Rutshuru, naye mtoto wa wafugaji, alininyang'anya chupa, akaitia puani, akafumba macho.

"Hii ni maziwa ya kwa mama yangu," akasema. Halafu akafumbua macho akaniambia barua ya onyo itakuwa tayari kesho. Kisha akanusa tena.

Nilirudi kambini na chupa mpya, safari hii nikachota mwenyewe. Mama aliinusa, akasema inanuka hospitali, akaniuliza kama huko mjini hatuna haya. Ilibidi nimkinge kwa mgongo asiikaribie. Maji yakatoka kwenye mashine bila dawa wala moshi, na tangi likafunguliwa.

Siku hiyo nilimpelekea ile chupa ya kwanza, ambayo shefu aliiachia kwa shingo upande. Nilikuwa bado na hasira kidogo, barua ya onyo ikiwa mfukoni. Nikamwuliza kwa nini alijisumbua kufukiza chupa ya maji.

"Papa, tangu bale ba bunduki balibeba ng'ombe zetu, sikupata tena chombo ya kufukiza," akasema, akiniita Papa kama alivyoniita tangu utotoni. "Ulinipatia moja. Mukono ilijua kazi yake."

Akaijaza maji ya tangi, akanipa kwa mikono miwili, jinsi mgeni anavyopewa maziwa. Yalikuwa yamejaa kila kitu ambacho mashine ilikikataa. Nikayanywa yote mbele yake, na machozi yakanitoka.